Kusubu Mkuku wa Risasi

Swali: Ninaunda mashua ya tanga nyumbani na nataka kusubu mwenyewe mkuku wa risasi. Nizingatie nini?

Jibu: Kwanza kabisa, ukavu wa kalibu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Ikikuta unyevu, maji hugeuka mvuke ghafla na kuirusha. Fanyia kazi nje, simama upande upepo unakotoka, vaa barakoa ya kuchuja moshi wa metali na uwaweke watoto mbali, maana risasi ni sumu. Antimoni kidogo huiongezea ugumu. Mimina mfululizo, kwa sababu tabaka likishapoa, linalofuata haliungani nalo vizuri. Mkuku ukipoa, ulainishe kwa randa, upake epoksi, na ikiwa ingali mbichi isugulie kwa brashi ya waya. Hapo epoksi itashika risasi kabla uso wa risasi haujaoksidika.