Mbwa Gani Afaa Kufugwa?

Mtu atakaye kufuga mbwa yampasa kwanza ajiulize atampa kazi gani, kwa maana wajuzi huwagawa mbwa katika makundi kwa kadiri ya kazi zao. Wako wawindao kwa kunusa. Wako wenye miguu mirefu wakimbizao mnyama kwa macho. Wako wa kuchunga mifugo, kama mbwa wa Kijerumani atumiwaye na polisi. Tena wako wadogo wa kupendeza nyumbani tu.

Mkulima wa Kwale asumbuliwaye na nyani na nguruwe mwitu asidhani kwamba mbwa mkubwa wa Ulaya ndiye bora. Manyoya mazito humtesa katika joto la pwani, na karibu na vilima vya Shimba mbung'o huweza kumwambukiza maradhi ya kumwua. Mbwa wa kienyeji amezoea jua letu, wala si wa kudharauliwa: basenji, asifiwaye Ulaya, asili yake ni mbwa wa kienyeji wa Kongo.

Kwa Waislamu, walio wengi Diani na Msambweni, mbwa wa shamba, mifugo au mawindo ameruhusiwa. Basi ajengewe kibanda nje.

Mbwa wa kabila lo lote achanjwe kichaa kila mwaka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Dalili za kichaa zikisha kuonekana, ni nadra sana mtu kupona.