Kwa Nini Ethanoli Hukwama kwenye Asilimia 95.6?

Swali: Msomaji wa Shaw, Washington, D.C., anauliza kwa nini ukenekaji wa kawaida haumalizi maji yaliyomo kwenye ethanoli.

Jibu: Ethanoli ikifikia takriban asilimia 95.6 kwa uzito, mchanganyiko huwa azeotropu, yaani huchemka kwenye nyuzi 78.2 za Selsiasi na kutoa mvuke wenye uwiano uleule wa kimiminika, hivyo kuongeza trei za mnara wa ukenekaji hakusaidii. Ili kuvuka kikwazo hicho, mwaka 1902 mkemia Sydney Young alieleza matumizi ya kiongezwa, yaani benzeni, ambayo hupanda na maji hadi kileleni. Lakini kwa kuwa benzeni husababisha saratani, sikloheksani imechukua nafasi yake. Mwendeshaji hudhibiti joto la trei ambayo joto lake hubadilika upesi, kwani kiongezwa kikipungua maji hubaki kwenye ethanoli, na kikizidi huichafua.