Nani Anaamua Mambo ya Kajiado? Majibu kwa Maswali ya Wakazi

Je, kaunti ina mihimili yote mitatu ya serikali?
La. Kwa Katiba ya 2010, Bunge hutunga sheria, Serikali Kuu huzitekeleza na Mahakama huamua mizozo. Kaunti ya Kajiado ina miwili: gavana na baraza lake la mawaziri, pamoja na Bunge la Kaunti lenye wawakilishi (MCA) kutoka wadi 25, Kitengela ikiwa mojawapo. Korti zilizoko mjini Kajiado ni za Mahakama ya kitaifa, na gavana hana amri juu yake.

Rais akishatangaza jambo, si limekwisha?
Halijaisha, na Amboseli ni ushahidi. Mwaka 2005 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilitangaza kuiondolea Amboseli hadhi ya mbuga ya kitaifa na kuikabidhi kwa lililokuwa Baraza la Kaunti ya Olkejuado. Wengi wa Wamaasai walipokea habari hizo kama haki iliyochelewa. Mashirika ya uhifadhi yalipinga, jambo likafika kortini, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ikalibatilisha tangazo hilo. Dai la wenyeji halikufa hapo. Mwaka 2023 Rais William Ruto alitangaza upya nia ya kuirudisha Amboseli kwa kaunti.

Kundi la maslahi ni nini?
Ni watu walioungana kuisukuma serikali katika jambo linalowagusa: wakazi wa mtaa, wenye maduka, wafugaji, hata kampuni. Hapa Kitengela, ploti na nyua zilipoanza kuziba mapito ya wanyama wanaotoka Mbuga ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini hauna ua, wenye mashamba waliungana katika chama cha KILA. Kuanzia mwaka 2000, mpango wa kukodi ardhi ulilipa familia dola 4 za Marekani kwa ekari kila mwaka, mradi zisiuze shamba wala kulizungushia ua. Malipo yalipangwa yafike wakati wa karo, na jambo hilo dogo linaonyesha kwamba waliopanga waliwasikiliza wazazi.

Kampuni kubwa ikizungumza na wabunge, je, huo ni ufisadi?
Kutoa hoja ni haki ya kila mtu. Kutoa hongo ni kosa la jinai, kwa anayetoa na anayepokea. Nchini Marekani, sheria ya 1995 huwataka wanaolipwa kushawishi Bunge la nchi hiyo wajisajili na kutaja waliowatuma. Kwetu, British American Tobacco ilipinga kanuni za kudhibiti tumbaku hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 ikashindwa. Ukubwa wa mfuko haukuamua kesi hiyo.

Inasemekana vikao vya maoni ya umma ni vya kupigwa picha tu. Ni kweli?
Tunaelewa kwa nini watu wamechoka, hasa tangazo linapotoka jana na kikao kikawa leo. Lakini ushirikishwaji wa umma, yaani wananchi kutoa maoni kabla ya uamuzi, ni sharti la Katiba. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Peleka maoni yako kwa maandishi na uombe nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, maana maneno ya mdomo hayafiki kortini kwa urahisi.

Ombi rasmi kwa Bunge linahitaji sahihi ngapi?
Moja inatosha. Sheria ya mwaka 2012 inakuruhusu kuliandika kwa Kiswahili, hata kwa mkono, ukieleza unachoomba, hatua ulizokwisha kuchukua na kama kuna kesi kortini. Asiyeweza kutia sahihi huweka alama ya kidole gumba. Bunge la Kaunti pia hupokea maombi ya wananchi.

Je, maandamano yanahitaji kibali cha polisi?
Wengi huambiwa hivyo, lakini sheria inataka taarifa. Mpelekee mkuu wa kituo cha polisi (OCS) taarifa ya maandishi siku 3 hadi 14 kabla. Ibara ya 37 ya Katiba inalinda maandamano ya amani yasiyo na silaha. Fujo zikianza, ondokeni, mkianza na watoto na wazee.

Nianzie wapi?
Kwa maji, soko na barabara za mtaani, muone MCA au ofisi ya kaunti. Barabara ya Namanga na usalama ni mambo ya serikali ya kitaifa. Ukihitaji hati ya mradi, iombe kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: ofisi ina siku 21 kujibu, na saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini.