SOMO: Kuchagua vyombo vya kuanzia kutengeneza kurasa za intaneti



Vijana wengi wanatuuliza: "Tukitaka kutengeneza kurasa za intaneti, tuanze na chombo gani?" Sisi tulipoanza tulimaliza mega nyingi kwa kupakua kila kitu tulichosikia. Mshika mbili moja humponyoka.

Kosa letu

Tuliandika programu ndogo ya kuonyesha orodha ya familia, majina 20 kila mara. Katika lugha ya JavaScript tuliandika *splice* badala ya *slice*. Ni herufi moja tu. Lakini *slice* hunakili majina na kuacha orodha nzima, na *splice* huyakata katika orodha yenyewe. Kila tulipobonyeza, familia 20 zilitoweka. Kwa bahati yalikuwa majina ya kubuni. Ingekuwa orodha ya mgawo wa chakula, ugomvi ungezuka siku ile ile.

Tulichojifunza

Kuna namna ya kuandika programu inayotegemea funksheni. Funksheni nzuri ni kama karani mwaminifu: ukimpa daftari lile lile anakupa jibu lile lile, tena kwenye karatasi mpya, bila kufuta daftari.

Vyombo vitatu

1. *JavaScript yenyewe.* Inatosha kompyuta yenye kivinjari na programu ya kuandikia maandishi. Haihitaji intaneti. Anza na amri *map*, *filter* na *slice*. Zote hutoa orodha mpya. Jihadhari na *sort*, maana hupanga upya orodha ile ile. Nakili kwanza kwa *slice*, ndipo upange.

2. *Elm.* Ilianzishwa na Evan Czaplicki mwaka 2012. Ndani yake orodha haibadilishwi kamwe, na ukikosea inakueleza kosa kabla programu haijaanza kazi. Toleo 0.19.1 lilitoka mwaka 2019. Unahitaji intaneti kupakua vifurushi vyake mara ya kwanza.

3. *React.* Facebook waliitoa kwa watu wote mwaka 2013. Inatumiwa sana makazini, lakini kwa kawaida inavuta vifurushi vingi, na mega zinaisha haraka.

Ushauri wetu

Anzeni na cha kwanza, mkae nacho mpaka mmalize kazi moja ndogo. Kisha chagueni kimoja kati ya viwili vilivyobaki: Elm kwa kujizoeza nidhamu, React kwa kutafuta kazi. Wakati wa mazoezi msitumie majina ya kweli ya watu. Jina la mkimbizi likianguka mikononi mwa mtu mbaya, linaweza kumletea hatari.

Maswali ya kujadiliana

- Orodha zetu zinatunzwa na nani? Nakala ya kwanza iko wapi?
- Jina likipotea, tutajuaje?
- Vijana wetu wanaweza kukutana wapi wakitumia kompyuta moja kwa zamu?