Kubadilisha Oili ya Injini na Chujio Lake Nyumbani

Katika mtaa wetu wa Mutanga Nord, hapa Bujumbura, pikapu ni nyingi, na nyingi katika hizo si za starehe bali ni za kutafutia riziki. Hubeba saruji, makaa, magodoro ya watu wanaohama, na kabichi na viazi kutoka Bugarama. Pikapu ya mama yangu ni mojawapo. Ni Toyota Hilux ya dizeli, si mpya hata kidogo, nayo ndiyo inayotulipia ada ya shule, mimi na wadogo zangu watatu. Basi, ndugu wasomaji, mtaelewa kwa nini nimejifunza habari za oili kwa bidii kuliko masomo mengine ambayo walimu wetu wangependa zaidi. Kazi yenyewe nilifundishwa na mjomba, ambaye ni fundi huko Buyenzi, na sasa naifanya mwenyewe uani kwetu. Mafundi wa Buyenzi huiita vidanje. Nataka kuieleza kwa wenzangu, na kwa heshima zote kwa wanafunzi wa zamani wa shule hii pia, ambao wengi wao wana magari lakini hawajapata kulala chini yake.

Kwanza yafaa kujua oili hufanya kazi gani. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, maana yake ni mara 50 kwa kila sekunde moja, na katika sekunde hiyo hiyo kila pistoni imepanda na kushuka mara 50. Kama vyuma hivyo vingegusana vitupu vingepata moto, vikavimba na kushikana. Kinachovitenga ni utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Oili hiyo hiyo huchukua joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, huziba nafasi ndogo iliyo kati ya ringi za pistoni na silinda, na huosha masizi. Injini ya dizeli hufanya masizi mengi. Kwa hiyo mtu akichomoa kijiti cha kupimia siku chache baada ya kubadilisha, akaona oili imekwisha kuwa nyeusi, asidhani ameuziwa oili mbovu. Weusi huo waonyesha kwamba oili inabeba uchafu ambao vinginevyo ungeganda ndani ya injini. Lakini haiwezi kubeba milele. Dawa zilizotiwa ndani yake kiwandani huisha polepole, asidi huzidi, na beringi huanza kulika.

Chujio nalo lina historia yake. Magari ya kwanza hayakuwa na chujio la maana, na wenyewe walibadilisha oili kila baada ya safari fupi. Mwaka 1923 Mmarekani aitwaye Ernest Sweetland alikuwa miongoni mwa waliobuni chujio la oili lililoitwa Purolator. Machujio ya siku hizi ni mkebe wa chuma, na ndani yake mna karatasi iliyokunjwakunjwa kama kipepeo cha kupepea moto. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuna mlango mdogo wenye springi. Karatasi ikijaa uchafu hata oili isiweze kupita, mlango huo hufunguka na kuiruhusu ipite bila kuchujwa, kwa sababu ni afadhali injini ipate oili chafu kuliko isipate kabisa. Basi anayebadilisha oili na kuacha chujio la zamani ili aokoe faranga chache, aghalabu anatia oili safi ipate kuchafuliwa siku ile ile.

Habari ya kipimo. Juu ya kopo utaona maandishi kama 15W-40. Herufi W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi, na tarakimu iliyo mbele yake huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi. Tarakimu ya pili huonyesha uzito wake ikiwa imefika joto la sentigredi 100. Hapa Bujumbura, pwani ya ziwa, hatuna baridi ya kuogopa. Tulicho nacho ni mlima. Njia ya kwenda Bugarama hupanda zaidi ya mita 1,000 katika mwendo usiofika kilomita 40, na gari lililobeba mzigo hunguruma kwa gia ndogo karibu njia nzima. (Wale vijana wa baiskeli wanaojishika nyuma ya malori ili wavutwe juu hawahitaji oili, ila wanahitaji malaika.) Tazama pia herufi nyingine kopo lile lile: zinazoanza na C, kama CF-4 au CI-4, ni za injini za dizeli, na zinazoanza na S ni za petroli. Kopo ambalo lakiri yake imevunjwa usilinunue kwa bei yoyote.

Ni lini ubadilishe? Kwa gari la dizeli linalofanya kazi ngumu, kila kilomita 5,000, au kila miezi 6 hata kama kilomita hizo hazijafika. Watu hubisha hapa. Mwaka 2023 na 2024, nchi yetu ilipopatwa na uhaba mkubwa wa petroli na dizeli, magari yalikaa siku nyingi katika foleni, na wenyewe walisema, "Halijatembea, oili bado nzima." Lakini injini huhesabu saa pia. Inaponguruma mahali pamoja ikisogea hatua kumi kisha kusimama, kilomita haziongezeki ila masizi huongezeka.

Sasa tuje uani. Gari lisimame mahali palipo sawasawa, breki ya mkono ikiwa imevutwa, gia imetiwa, na jiwe kubwa limewekwa mbele na nyuma ya gurudumu. Hilux iko juu, hivyo mtu mwembamba huingia chini yake bila jeki. Kama gari lako ni la chini ukalazimika kuliinua, usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka vigingi vya chuma. Tofali halifai, hupasuka ghafla. Washa injini dakika tano hivi kisha uizime. Oili yenye uvuguvugu hutoka upesi na kuchukua uchafu pamoja nayo, bali oili ya moto sana itakuunguza mkono. Fungua kifuniko cha juu cha kutilia oili ili hewa iingie. Weka karai chini, kubwa kuliko unavyodhani, maana oili haishuki wima mwanzoni. Huruka mbele, kisha hurudi nyuma kadiri inavyopungua. Vaa mipira ya mikono. Makopo yenyewe yana onyo kwamba oili iliyotumika, ikigusa ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu, yaweza kuleta saratani.

Bolti ya kumwagia iko chini ya bakuli la oili. Tumia spana inayoingia barabara, kwa kuwa spana iliyolegea hula pembe za bolti, na baada ya hapo utahitaji fundi, naye atahitaji fedha. Ilegeze kwa spana, imalizie kwa vidole huku ukiisukuma juu, halafu iondoe kwa mkupuo mmoja. Iache oili itiririke robo saa. Wakati huo itazame ile bolti. Unga mweusi laini kama wanja si neno. Lakini ukiona vipande vinavyong'aa vya chuma au shaba, jua kwamba beringi zinalika, na heri kulijua jambo hilo ukiwa uani kuliko kulijua kileleni. Pete ya shaba ya bolti ibadilishwe, kisha bolti irudishwe kwa vidole kwanza, ndipo spana ikaze kwa kiasi. Bakuli la oili si daraja la chuma. Ukikaza kwa nguvu zako zote utaharibu uzi wake.

Chujio ndipo penye hatari kuu, nami nitakaa hapo kidogo. Chujio la zamani hufunguliwa kwa mkono, au kwa mnyororo wa kufungulia ikiwa limeshikana. Juu yake kuna mpira wa duara. Mara nyingine chujio hutoka na mpira wake hubaki umegandamana na injini, mweusi juu ya weusi, hata macho hayauoni. Jirani yetu mmoja alipeleka pikapu yake kwenye karakana fulani, na kijana aliyefanya kazi hakuutazama mpira ule. Akafunga chujio jipya na mpira wake mpya juu ya ule wa zamani. Uani gari halikuvuja hata tone. Lakini lilipokuwa likipanda na mzigo, shindo la oili liliisukuma mipira ile miwili ikateleza, na oili yote ikamwagika barabarani kwa muda mfupi sana. Taa nyekundu ikawaka. Dereva akasema moyoni, "Nitafika, si mbali," wala hakufika. Injini ilishikana. Kutafuta nyingine ya mtumba kulimchukua jirani yule miezi minne, na binti yake mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima. Yote hayo kwa mpira usiozidi upana wa bangili.

Kwa hiyo pangusa mahali pa chujio kwa tambara safi, upapase kwa kidole pande zote, kisha utazame mkononi kama chujio la zamani limetoka na mpira wake. Paka mpira mpya oili safi kwa kidole ili usijikunje. Lifunge chujio kwa mkono mpaka mpira uguse chuma, halafu uzungushe robo tatu ya mzunguko, basi. Spana haina kazi hapo.

Kuhusu taa ile nyekundu, naomba wenye magari wasikie vizuri. Haipimi wingi wa oili. Hupima shindo lake, na inapowaka ukiwa njiani maana yake shindo limekwisha kupotea. Zima injini pale pale, hata kama ni kilimani na malori yanakupigia honi. Anayepima wingi ni kile kijiti tu, asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha mahali palipo sawa.

Kutia oili mpya ni rahisi. Injini za dizeli za pikapu kama hizi huchukua kati ya lita 5 na 7 pamoja na chujio, na kiasi halisi kimo katika kitabu cha gari. Chetu kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile, na herufi L tuliitambua. Tia pungufu kidogo, ngoja, pima kwa kijiti, ongeza mpaka alama ifike kati ya mistari miwili karibu na wa juu. Usipitishe. Ikizidi, krenki huipiga kama mtu anavyokoroga mayai, ikafanya povu, na povu halilainishi chuma. Washa injini bila kukanyaga mafuta; taa izime baada ya sekunde chache. Tazama chini kama kuna tone. Zima, ngoja dakika kumi, pima tena, kwa sababu chujio jipya limekunywa sehemu yake. Andika tarehe na kilomita kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango.

Hapo watu wengi hudhani kazi imekwisha, huku karai lingali limejaa. Nimeona kwa macho yangu likimwagwa mferejini usiku. Mvua ikinyesha, mifereji ya upande wetu wa mji hushuka katika mto Ntahangwa, na Ntahangwa huingia Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo, ambalo kina chake ni mita 1,470 na linapitwa duniani na Baikal pekee, lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani mto Lukuga upande wa Kongo, na maji yake hukaa humo mamia ya miaka. Kinachoingia hakitoki upesi. Nasi REGIDESO hututolea maji ya kunywa humo humo, na ndagala na mukeke tunaowala wanaishi humo. Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa huko Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Idara ya mazingira ya Marekani huandika kwamba oili ya gari moja, iliyomwagwa mara moja tu, yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Padre anayetufundisha fizikia alituambia tuzigeuze: zapata lita 3,785,000.

Sisi huirudisha katika makopo ile mpya ilimotoka, tukayafunga vizuri, na mjomba huyachukua Buyenzi. Ana pipa lake, na mafundi wa ujenzi humwendea kununua ya kupaka mbao zao ili zege isishikane nazo. Wengine hupaka nguzo za ua kwa ajili ya mchwa. Mimi siipendi kazi hiyo karibu na bustani ya mboga, kwa maana mvua huosha nguzo pia. Usiichanganye na maji, petroli wala maji ya breki, maana hapo hakuna atakayeitaka. Chujio la zamani nalo lisitupwe likiwa bichi. Tuliinamisha letu juu ya kopo usiku kucha, na asubuhi tukakuta karibu nusu kikombe cha oili nyeusi. Tukaimimina pamoja na nyingine, na mkebe wa chuma ukaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.