SOMO LA UFUNDI: BERINGI ZA GURUDUMU
Kwa mafundi, madereva na wote wanaosafiri juu ya mizigo



Katika somo hili tunazungumza juu ya kitu kidogo kinachofichwa ndani ya gurudumu: beringi. Wengine watauliza, hilo linamhusu nini mchuma chai au mpanga kreti za bia? Tunajibu: linamhusu sana. Barabara inayotoka Musanze kuja kwetu Gisenyi hupita milimani, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha huteremka hadi ziwa la Kivu, kwenye mita 1,460 hivi. Katika mteremko huo uzito wa gari, mzigo na watu huzidi kuegemea beringi za mbele.

Miaka iliyopita, katika shamba moja tulilofanya kazi, dereva wa pikapu alisema mara tatu kwamba gurudumu la mbele linavuma. Aliambiwa, "Endelea tu, ni msimu wa majani." Siku ya nne gurudumu lilichomoka njiani. Mama mmoja aliyekaa juu ya magunia alivunjika mguu. Dereva akakatwa mshahara miezi mitatu kwa kosa la kuharibu gari. Tulikwenda kumtetea, tukaulizwa: "Ushahidi uko wapi kwamba alisema?" Hatukuwa na hata karatasi moja. Tulishindwa. Kwa sababu hiyo somo letu lina sehemu mbili: kazi ya spana na kazi ya kalamu.

BERINGI NI NINI?

Katika pikapu nyingi za zamani, kila gurudumu la mbele lina beringi mbili, kubwa ndani na ndogo nje. Kila moja ina kikombe cha chuma kilichokazwa ndani ya habu, na koni yenye rola ndogo zinazozunguka ndani ya kikombe hicho. Rola hizo zimechongwa mshazari, ili zibebe uzito wa gari kutoka juu na pia msukumo wa pembeni wakati wa kukata kona.

Msidhani hii ni kazi ya magari ya mizigo peke yake. Datsun 240Z, gari la mbio lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena mwaka 1973, lina beringi za mbele za namna hii hii. Mwaka 1973 aliyeliendesha ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Fundi anayejua kufunga beringi za pikapu ya chai anaweza kufunga za gari lile pia. Kazi ni moja.

Adui wa beringi ni watatu: maji, vumbi na kukazwa vibaya. Hapa kwetu vumbi la mawe ya volkano ni kali kama msasa. Mpira wa kuzuia grisi ukipasuka, vumbi huingia, na grisi hugeuka dawa ya kusagia chuma.

KUITAMBUA BERINGI ILIYOCHOKA

1. Sikiliza. Beringi mbovu huvuma, na mvumo hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Ukikata kona kushoto na mvumo ukazidi, shuku gurudumu la kulia, maana ndilo linaloelemewa.

2. Tikisa. Inua gurudumu, lishike juu na chini, kisha livute na kulisukuma. Likicheza, mwenzako akanyage breki nawe utikise tena. Mchezo ukiisha, shuku beringi. Ukibaki, tazama viungo vya usukani na vya springi.

3. Gusa kwa uangalifu. Baada ya safari, habu moja ikiwa na joto kupita ya upande wa pili, kuna jambo. Kumbuka tu kwamba hata breki inayoshika huleta joto.

KAZI YENYEWE

Tafuta mahali tambarare. Changarawe ya volkano hudidimia, kwa hiyo weka ubao mnene chini ya jeki. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mti. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Gari likishainuka, liweke juu ya stendi. Ndugu, usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia tu.

Toa gurudumu. Fungua breki na uitundike kwa waya. Isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ondoa kifuniko cha habu, nyoosha pini na uichomoe, fungua nati, toa washa na beringi ya nje. Vuta habu. Ng'oa mpira wa kuzuia grisi, kisha toa beringi ya ndani.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, ukauke. Usiizungushe beringi kwa upepo wa kompresa. Rola zaweza kuruka na kukutoa jicho. Sasa tazama. Vishimo, mikwaruzo au rangi ya bluu ya kuungua maana yake ni moja: beringi hiyo imekwisha. Tazama na mhimili wenyewe. Ukiwa umelika, beringi mpya haitadumu.

Badilisha koni pamoja na kikombe chake. Koni mpya ndani ya kikombe cha zamani ni kutupa fedha. Gonga kikombe cha zamani kitoke kwa kuzunguka pande zote. Kipya kiingize vivyo hivyo, kidogo kidogo, ukitumia kikombe cha zamani au kipande cha shaba. Kikifika mwisho, mlio wa nyundo utabadilika.

Tia grisi ya beringi za magurudumu, na usiichanganye na ya zamani. Iweke kiganjani, ukandamize upande mpana wa beringi mpaka grisi itokeze upande wa pili. Kuipaka juu juu hakutoshi. Weka beringi ya ndani, kisha mpira mpya, kisha rudisha habu, beringi ya nje, washa na nati.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kaza nati huku ukizungusha habu, ili rola zikae mahali pake. Halafu ilegeze, uirudishe kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Ukikaza mno beringi itaungua. Ukilegeza mno gurudumu litacheza. Habu izunguke laini bila kucheza. Weka pini mpya. Ya zamani itupe. Rudisha breki na gurudumu, kaza nati zote, kisha ukague tena baada ya kilomita 100 hivi.

Tahadhari: magari mengi ya siku hizi yana beringi moja iliyoshindiliwa kwa mashine, au iliyofungwa pamoja na habu yake. Hizo zina utaratibu mwingine. Usizipige nyundo.

KAZI YA KALAMU

Kila gari liwe na daftari. Dereva aandike tarehe, kilomita na kasoro aliyoisikia. Anayepokea taarifa atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, na shahidi aweke jina lake. Nakala ibaki kwa mjumbe wa wafanyakazi.

Tena mjue haki yenu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu za haki za kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asipate madhara kwa kufanya hivyo. Dereva anayekataa kuteremka na watu kwenye gari lenye gurudumu linalocheza si mvivu. Analinda maisha.

Bei ya beringi mbili, mpira na grisi ni ndogo mbele ya mguu wa yule mama. Mpaka leo anachechemea.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Gari linalotubeba lilikaguliwa beringi lini, na ni nani aliyeandika?
2. Dereva wetu akikataa safari kwa sababu ya hatari, sisi tunaosubiri kupanda tutasimama naye?
3. Nani kati yetu atashika daftari kuanzia Jumatatu?

Umoja ni nguvu.