Faida ya Buibui

Kila Jumamosi, wakati wa kusafisha mabweni, tando za buibui hufagiliwa na wenyewe hupondwa kwa viatu. Ndugu wasomaji, madhumuni ya makala hii ni kuwaomba mlitazame jambo hilo upya, kwa kuwa anayeuawa ni mtumishi wetu asiyedai mshahara.

Kwanza yafaa tumjue. Tumezoea kumwita buibui mdudu, lakini katika elimu ya viumbe yeye si mdudu hasa. Mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Buibui ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili. Chakula chake kikubwa ni wadudu. Wako buibui wategao kwa utando, na wako wasiotega, bali hunyatia na kurukia kama paka. Mwaka 2017 wataalamu wawili wa Ulaya walikadiria kwamba buibui wa dunia nzima hula tani milioni 400 hadi 800 za wadudu na viumbe wengine wadogo kila mwaka.

Hasara ya kuwakosa ilionekana wazi katika mashamba ya mpunga ya Indonesia. Huko yuko mdudu mdogo wa rangi ya kahawia afyonzaye maji ya mpunga mpaka shamba likawa kama limeunguzwa na moto. Wakulima walinyunyiza dawa kwa wingi, na kumbe wadudu wakazidi. Sababu yake ni hii: mdudu huyo hutaga mayai ndani ya mmea wenyewe, ambako dawa haikuyafikia, lakini buibui, walio miongoni mwa adui zake wakubwa, walikufa. Mayai yalipoanguliwa, shamba halikuwa na mlinzi. Basi mwaka 1986 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku aina 57 za dawa zisitumiwe katika mpunga.

Tuliyoyaona shambani yako pia nyumbani. Hapa kwetu, kando ya Ziwa Viktoria, yuko buibui mdogo wa milimita tano hivi, ambaye wataalamu humwita Evarcha culicivora. Hukaa majanini na katika kuta za nyumba, naye huwinda kwa kuruka. Uchunguzi uliofanywa katika nchi za ziwa hili na kutangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba chakula akipendacho kuliko vyote ni mbu jike aliyeshiba damu. Yeye mwenyewe hawezi kutunyonya. Huipata damu kwa kumla mbu. Tena humtambua mbu wa malaria, yaani Anofelesi, kwa jinsi atuavyo akiinua sehemu ya nyuma ya mwili. Mwaka 2011 ilitangazwa pia kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa na mtu. Nadhani mabweni ya shule hayakosi mwaliko huo!

Huenda mtu akauliza, "Kuna faida gani, ikiwa mbu amekwisha niuma?" Swali hilo ni jema. Mbu akinyonya damu ya mgonjwa wa malaria, hawezi kumwambukiza mwingine siku ile ile. Vijidudu vya malaria huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukua ndani yake. Mbu aliyeliwa na buibui usiku huo, au kesho yake, hataifikia siku hiyo. Aliyeokolewa ni yule alalaye kitanda cha pili.

Sisemi kwamba buibui peke yake anatosha. Hula pia nyuki, na hata buibui wenzake. Chandarua kisiachwe, wala madimbwi yasiachwe bila kufukiwa. Tena wako buibui wachache wenye sumu ya kumdhuru mtu, kwa hiyo wasishikwe kwa mkono.

Ninaloomba kwa viranja, na kwa wazazi wetu nyumbani, ni dogo. Tando kuukuu zenye vumbi zifagiliwe, maana usafi ni lazima. Lakini buibui mwenyewe asipondwe. Asogezwe kwa ufagio mpaka nje, ukutani au majanini, aendelee na kazi yake. Na shambani, dawa isinyunyizwe mpaka mwenye shamba ameinama akatazama vizuri ni nani atakayekufa.

Mwanafunzi, Kidato cha IV